Nani Alimwita Nani

Ndirangu alipohama aliniachia kipimio chake
na karatasi ya manjano iliyobandikwa kwenye skrini:
Usiguse safu ya nne.
Kipimio kilijua lugha moja, ile aliyoipenda yeye.
Ukikipa programu, kilikaa pembeni na saa yake
kama karani wa getini na daftari:
kaingia nani, katumwa na nani, katoka saa ngapi.
Kisha kikachapa ripoti,
kuanzia mzembe mkubwa hadi mdogo.

Jumanne akapanda Nyamoita wa ghorofa ya chini
na programu yake ya mikopo,
ya chama cha wauza mitumba wa Gikomba,
iliyoandikwa kwa lugha nyingine kabisa.
"Inajikokota. Nifanyie ripoti kama zile zako."

Nikakilisha kipimio. Kikatema.
Majina ya huko yana nukta penye mkwaju wetu,
na mengine si majina:
kazi zinazozaliwa katikati ya mstari
na kufa kabla mstari haujaisha,
utaziandika vipi daftarini?

Mvua ilipiga mabati ya gereji ng'ambo ya Barabara ya Ngong.
Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea.
Nilishaanza kuunda kipimio kipya tangu msingi,
kosa la vijana,
na mimi magoti yanalia nikipanda ngazi.

Nikafuta. Nikajiuliza gizani:
ripoti inataka nini hasa?
Aliyeita. Aliyeitwa. Muda.
Mengine yote ni lafudhi.

Basi nikaandika mkalimani, mistari themanini na kitu,
asimame mlangoni apokee ya kwao,
apitishe ndani hayo matatu tu.
Wasio na jina akawaita kwa namba ya mstari walikozaliwa.
Na safu ya nne niliigusa, Ndirangu, unisamehe.
Humo ulikuwa umefungia muda wa kusubiri
ukauhesabu kuwa kazi.
Miaka yote hiyo, aliyepanga foleni
tulimwandika mzembe.

Saa nane na robo usiku ripoti ikatoka.
Juu kabisa: tafutaMwanachama, asilimia sabini na moja,
na karibu yote, kwenye safu mpya, kusubiri.
Kaita fulani, fulani kaita mwingine,
nikashuka nao ngazi kwa ngazi
hadi chini, penye kijikazi kimoja
kinachopanga upya majina elfu kumi na mawili
kila anapotafutwa mtu mmoja.

Asubuhi Nyamoita akasoma, kidole kikishuka,
kamwita nani, kamwita nani,
kikatua kwenye herufi mbili za mwandishi.
Zangu. Za mwaka wangu wa kwanza hapa.

Alicheka mpaka akatafuta kiti.
Kisha akaenda kununua chapati,
akaleta mbili, akaniwekea iliyoungua.