Mchanga

Otakar anasema sauti ina mchanga.
Si mwingi. Kama wali wa mchele uliochaguliwa gizani:
unakula vizuri, unakula vizuri,
halafu jino linasaga.

Mimi sikusikia kitu. Nilisikia selo,
na nje, tramu namba nane ikikata kona,
chuma juu ya chuma, kama miaka yote.
Miaka thelathini na moja aliziendesha tramu hizo hapa Brno.
Amestaafu yeye. Masikio yake yamekataa.

Alianza na adapta, kile kidude cheusi cha plastiki
kinachoilisha ruta umeme. "Huyu ndiye mchafuzi."
Akaleta sanduku la chuma, zito kama tofali,
ndani yake transfoma aliyoisuka mwenyewe.
Mchanga ukapungua, akasema.
Akang'oa waya wa shaba, akapitisha uzi wa kioo,
kwa kuwa mwanga, alinifundisha, haubebi kelele za umeme;
hubeba ujumbe tu, kama mjumbe asiye na umbeya.
Mchanga ukapungua tena.
Pensheni nayo ikapungua.

Binti yetu Radka akapiga simu:
"Mama, muziki wenyewe ni namba tu. Moja na sifuri.
Moja ikifika, ni moja."
Nikampelekea baba yake maneno hayo jikoni.
Hakuacha kumenya kiazi.
"Moja hufika," akasema. "Hufika saa ngapi?
Tramu ikichelewa, abiria wameshaondoka kwa miguu,
utasema imefika?"

Jumamosi moja akanikalisha katikati ya sofa,
akanifunga macho kwa skafu yangu mwenyewe.
"Niambie: ya kwanza au ya pili?"
Ya pili.
Akabadilisha, akarudia. Ya pili.
Mara tano, ya pili.
Aliponifungua niliuona uso wake:
ya pili ilikuwa kebo ya zamani, ya bure,
yenye utepe pale ilipotafunwa na paka.
Siku mbili hakusema neno.
Ile mpya akairudisha kwenye kisanduku cha velveti
kama meno ya dhahabu ya marehemu.

Nilichofanya mimi ni kudeki.
Nikazisogeza spika shubiri tatu kutoka ukutani,
nikatandika zulia la mama, lililokunjwa tangu mazishi,
linanuka dawa ya nondo,
nikachomoa friji nifagie nyuma yake,
nikasahau.

Jioni akagusa simu yake, selo ikaanza.
Besi, ambayo siku zote iliguguma konani
kama lifti yetu iliyokwama,
ikasimama kwa miguu yake.
Na kabla ya noti ya kwanza, naapa,
mtu alivuta pumzi.
"Nani huyo?"
"Mpiga selo," akasema Otakar, polepole. "Ana mafua."
Tukasikia kiti kikilia. Ukurasa ukigeuzwa.
Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akikohoa,
akijizuia, akikohoa.
Rekodi tuliyoisikiliza tangu Radka ananyonya,
kumbe imejaa watu.

"Na mchanga?" nikauliza.
Akainamisha kichwa. "Umebaki kidogo.
Upande wa kushoto."

Chini ya amplifaya, wakati nadeki,
nilikuta karatasi ya daktari wa masikio, ya mwezi Machi:
mistari miwili, wa kulia unakwenda sawasawa,
wa kushoto unashuka kama ngazi za kuelekea ghala la makaa.
Alikuwa ameikunja mara nne.
Nikairudisha palepale, mikunjo ileile.

Nikahamia kushoto kwake.
"Pale," nikamnong'oneza, "pana kengele ndogo, mbali.
Sasa anageuza ukurasa mwingine."
Akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu vituo.

Asubuhi maziwa yalikuwa yamechacha.
"Friji uliiacha makusudi?" akaniuliza,
na daftari lake la vipimo lilikuwa tayari mkononi.
Nikasema ndiyo.
Akaandika.