Deni la Ardhi

Magunia tisa ya dagaa, na kamba begani.
Kutoka Mwaloni hadi barabara ya lami
ni hatua mia nne na kumi. Nimezihesabu
tangu mwaka ule tairi la kushoto lilipokuwa jipya.

Nkwimba, kidato cha pili, alinisindikiza Jumamosi moja,
akanitupia swali kama mtu anayetupa ndoano:
"Mama, ukiuvuta mkokoteni, nao unakuvuta.
Kwa kani ileile, si pungufu, si zaidi.
Sasa nani anamshinda nani? Mbona mnaondoka?"

Nikamwambia mwalimu wako hajawahi kubeba hata debe.
Nikacheka. Kamba ikanikumbusha bega.

Lakini swali liliingia kama mchanga kwenye kandambili:
unatembea nalo.
Jumatatu nikaanza kuitazama miguu yangu,
nikaona kumbe sivuti tu. Ninasukuma.
Unyayo unaisukuma ardhi nyuma, kuelekea ziwani,
na ardhi, bila kununa, inanisukuma mbele, kuelekea lami.
Deni lake halilali. Hulipa papo hapo,
senti kwa senti, kuwashinda wenye maduka wote wa Kirumba.

Isipokuwa pale penye mizani,
wanapomwaga maji ya sangara na barafu.
Pale nikikanyaga, mguu unakwenda zake:
ardhi haikupewa kitu, itarudisha nini?
Nimeanguka pale mara tatu. Ya tatu mbele ya mteja.

Jioni nikamjibu, tukichambua mchele:
"Mkokoteni unanivuta mimi. Mimi nauvuta mkokoteni.
Hazikai kwenye mwili mmoja zikafutana.
Kila mmoja ana yake. Anayeamua safari ni ardhi."
Akaandika kwenye daftari. Nikajiona mwalimu siku tatu nzima.

Siku ya nne nilimpiga.

Sababu ni ndogo, naona haya kuitaja:
nilimvuta mkono tuwahi bombani kabla maji hayajakatika,
akasema, "Mimi si mkokoteni."
Kofi likatoka kabla yangu.

Usiku kiganja kikawaka.
Nilikipaka mafuta, nikakilalia, kikawaka.
Nje, mawe ya mlima wetu yalikuwa bado yana joto la mchana.
Nikakumbuka: ukigusa, umeguswa.
Shavu nalo lilikipiga kiganja changu
kwa kani ileile, si pungufu, si zaidi.
Nusura nijifariji: basi tumetoka sare.

Hapana.
Kani ni sawa, walioipokea si sawa.
Kiganja changu kina sugu ya kamba ya miaka kumi na mmoja.
Shavu lake lina miaka kumi na minne,
na halijawahi kuvuta kitu.

Asubuhi nikampa chai kwa kikombe changu, kile chenye mkono.
Nikasema, nimekosa, mwanangu.
Akanywa. Hakujibu.
Ardhi hujibu hapo hapo; mtu sikuambiwa huchukua muda gani,
na kwenye daftari lake halikuandikwa.

Jumamosi alikuja Mwaloni mwenyewe, sikumwita,
akaweka mikono nyuma ya magunia.
Tulipofika penye mizani akanisimamisha,
akatoa kopo, akanyunyiza majivu ya jikoni kwetu.
Unyayo ukashika.
Tukapanda bila neno hadi kwenye lami.

"Na dunia," nikamuuliza nikihema,
"tukiisukuma nyuma hivi kila siku, yenyewe haisogei?"
Akafikiri, shavu lile likiwa upande wangu.
"Inasogea, mama. Ila ni nzito mno. Haionekani."

Nikageuka: ziwa palepale, mitumbwi palepale,
mama wa mihogo akigeuza mihogo yake kwenye mafuta,
hakuna aliyeyumba.

Chini kulikuwa kumebaki magunia mengine sita.
Nkwimba alishika mpini wa kulia.