Umande Haulipwi

Miaka ishirini na mitatu nimekaa nyuma ya mizani
kiwandani, bonde la Kazanlak, Bulgaria.
Mei ikifika, alfajiri, wachumaji hushusha magunia
na mawaridi bado yamelowa.
Napima. Natoa gramu za gunia, natoa za umande
(umande haulipwi, kila mchumaji anajua,
na kila mchumaji hulalamika),
kisha naandika: tarehe, jina, kilo.
Safu ya nne, Maelezo, haikuwahi kuniomba wino.

Oktoba walinikata titi la kushoto.
Nilipozinduka nikamuuliza muuguzi: Lilikuwa na uzito gani?
Akadhani ni dawa ya usingizi inayosema.
Akanirekebishia mto. Pumzika, bibi Stanimira.
Lakini mimi ni karani. Kitu hakitoki ghalani
bila kupimwa, na mtu kutia sahihi.

Dada yangu Rumyana akaleta supu,
akaleta na methali, zote za subira.
Dobri, mume wangu, akanyamaza, akapasua kuni
kuliko baridi yoyote ingeweza kuzidai.
Mimi nikaomba leja,
ile ya mwaka wa mvua ya mawe, iliyobaki nusu tupu
kwa kuwa na mavuno yalikuwa nusu.

Nikapiga mistari kwa rula. Safu nne, kama kazini.

4 Novemba. Mimi. Kilo hamsini na mbili.
5 Novemba. Mto wa kulalia. Gramu mia nane.
29 Novemba. Nywele, ndani ya mfuko wa mkate. Gramu sitini.
Maelezo:

Hapo kalamu ikagoma kama punda darajani.
Siku tatu.
Ya nne nikaandika: Rangi ni ya mama.
Sikujua nimembeba kichwani muda wote huu.

Tangu hapo safu ya nne ikavimba,
ikavuka mstari, ikala safu ya kilo,
ikaingia ukurasa wa pili bila kupiga hodi.
Niliandika woga wa kuoga taa ikiwaka.
Niliandika Dobri alivyogusa kovu kwa mgongo wa kidole,
kama mtu anayejaribu pasi.
Niliandika majina ya waliovuka barabara wasinisalimie.
Niliandika uongo mmoja, nikaukata,
nikauacha usomeke.

Usiniulize kama leja iliniponya.
Nilitibiwa kwa dripu nyekundu, mara sita, Plovdiv,
kwa basi la saa kumi na moja alfajiri,
na kondakta aliyejua kunipa mfuko kabla sijaomba.
Leja haikuua hata chembe moja ya saratani.
Ila kilichokuwa kikizunguka kifuani bila jina
sasa kina tarehe, kina ukurasa,
naweza kukifunga nikaenda kumenya viazi.

Mei nimerudi. Ayten anashusha gunia la kwanza,
mikono imechanjwa na miiba.
Ananitazama kifua, anaona haya, anahamishia macho kwenye mizani.
Kumi na tisa na nusu, nasema. Toa umande.
Leo hakuna umande, bibi!
Na maji yanamchuruzikia hadi viatuni.
Tunacheka mpaka foleni inapiga kelele.

Usiku, nyuma kabisa ya leja, nikajaribu kitu
ambacho si hesabu wala maelezo:

*Titi langu lilikwenda, pasipo mtu kupima,*
*Nikaandika kidonda, mbele yake hata nyuma,*
*Sidai nimekishinda, wala sidai huruma,*
*Umande ninaulinda, naupima.*

Mstari wa mwisho umepungua mizani nne.
Nimehesabu mara mbili, kwa vidole.
Nimetia sahihi.