Jibu kwa Mwalimu wa Nachingwea

Mwalimu Nangumbi,
ujumbe wako nimeusoma mara tatu,
mara ya tatu nikiwa na miwani.
Kila nukta umeiweka mahali pake.
Hilo limenifurahisha kuliko unavyodhani.
Lakini usikate tiketi bado.

Kabla yako kulikuwa na injinia.
Alisema yuko Madimba, kwenye gesi,
mgane, binti yake anasoma ng'ambo.
Kofia ngumu ya njano, meno yamepangika
kama mahindi ya mbegu.
Kila alfajiri, sijawasha hata jiko,
simu inatetemeka juu ya kabati:
"Malkia wangu, umeamkaje?"
Miaka tisa tangu tumzike Chilumba
hakuna aliyeniuliza nimeamkaje
ila muuza maandazi, naye anadai mia mbili yake.

Sitakuficha: niliamka vizuri.
Nilisuka nywele.
Nilicheka peke yangu nikibangua korosho
mpaka mafuta ya ganda yakanibabua vidole.

Nikamwomba nimwone uso kwenye simu.
Kamera mbovu.
Wiki iliyofuata, mtandao.
Iliyofuata tena, bosi wake hapendi.
Mwezi wa kumi na moja malipo ya mnada yakaingia benki
(na siku nilimtajia mimi, kwa mdomo wangu)
bintiye akaugua ghafla.
Ugonjwa gani ule, unaojua kalenda ya chama cha msingi!

Nilituma laki sita.
Kisha laki mbili za kuzifungulia zile sita.
Hizo zilikuwa hela za salfa, Mwalimu.
Msimu uliofuata mikorosho yangu ikashikwa na ubwiri unga,
ikasimama myeupe mstari mzima
kama mabibi harusi waliosahauliwa ukumbini.

Na Madimba si Ulaya. Madimba ni kwa shemeji.
Somoe, mtoto wa dada yangu, anapika kantini pale pale;
ningemuuliza siku ya kwanza, ningejua.
Niliona aibu.
Aibu yangu ndiyo yule bwana aliyoifuga, akailisha,
ikanenepa: "Tusiwaambie watu kwanza, wana husuda."
Siku hizi mtu akiniambia nisimwambie mtu,
navaa kandambili, naenda kumwambia mtu.

Basi.
Kwangu hutafika mwaka huu.
Kijiji sikitaji, nawe usikipeleleze.
Tutaonana Masasi, mgahawa unaotazama stendi,
saa nne asubuhi, jua likiwa halina siri.
Nauli yangu nalipa. Chai yangu nalipa.
Ukifiwa, nitakuja mwenyewe na rambirambi mkononi;
muamala sitatuma.
Somoe atakaa meza ya pili, atajifanya hanijui.
Utamtambua tu: anakula chapati bila kuitazama.

Halafu usikasirike:
jirani yangu Bi Esha ana picha yako, namba yako,
na jina la shule uliyostaafia. Ameshapiga.
Karani amesema upo kweli, ulifundisha hisabati,
na chaki ulikuwa ukiivunja vipande
ili ifike Ijumaa.

Ukiona nimezidi, kaa Nachingwea kwa amani,
mimi na wewe hatudaiani.
Ukiona ni sawa, nipigie leo saa moja jioni,
kwa picha. Usinyoe ndevu. Usitafute mwanga mzuri.
Utanikuta jikoni namenya ming'oko,
umri hamsini na nane, pengo upande wa kushoto,
kilemba cha juzi.

Na swali langu la kwanza nakupa kabisa, ukajiandae:
chaki moja, Mwalimu,
ulikuwa ukiigawa mara ngapi?