Kitufe Kinachonata

Chumba cha Famau, Langoni, nyuma ya duka la simiti.
Viti viwili vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya.
Shilingi ishirini pambano moja. Kukopa hakuna
tangu Shekue apotee na deni la mia tatu.

Sekunde ina vipande sitini.
Mkono wangu ulikuwa haujaambiwa.
Nilikuwa nikigonga kama anayebisha nyumba ya wenye kulala,
chini, mshazari, mbele, ngumi, ngumi, ngumi,
na yule mwanamke wa skrini amesimama tu
kama hakuamkuliwa.

"Wabonyeza kwa hasira, Barke," Famau alisema,
jicho kwenye daftari la hesabu.
"Ngumi ya kwanza ingoje irudi kifuani.
Ikiwa ingali njiani, ya pili haitoki.
Ikishatulia, mwenzio kashakinga."
Katikati ya hayo mawili pana kipande kimoja.
Kope haijapata hata nia ya kufumba.

Nyumbani nilikuwa na kofia ya watu, ya harusi,
vitundu mia nne bado.
Chomeka, zungusha, vuta. Chomeka, zungusha, vuta.
Ukivuta kabla uzi haujakaa, kitundu chatanuka.
Sikumbuki nani alinifundisha kungoja kule;
kidole chajua, mimi sijui.
Nikaanza kuhesabu vivyo hivyo Langoni,
vidole viwili kwa amri moja,
cha shahada, kisha cha kati, nyuma yake kwa unywele:
cha kwanza kikikuta mlango umefungwa, cha pili kitaingia.

Shekue alirudi na mia tatu mkononi, na masikio yake.
Huyo hatazami skrini. Husikiliza vitufe vyako:
tak, naye amekinga.

Mimi nilipewa padi mbovu,
ile ya kitufe kinachonata, kisichopenda kuinuka.
Wiki mbili nilikilaani. Kisha nikagundua
kwamba mchezo huu husikia hata kidole kikiondoka.

Nikakibonyeza mapema, hewani, kama nimekosea.
Akacheka.
Nikatembea nacho kimeshikwa,
chini, mshazari, mbele,
nikaachia.

Hakuna tak.
Mtu wake akaanguka chali, na feni ikaendelea kuzunguka.

"Umebonyeza saa ngapi?"
"Kitambo," nikamwambia,
nikamwachia kiti chenye waya.