Komeo la Bi Mwanakombo

Daftari nililishika mimi.
Vichwa kumi na vinne kutoka Mgeta,
usiku mbili Bagamoyo, mfuko mmoja,
na bibi mwenye goti lisilotaka ngazi.

Gesti ya kwanza, karibu na stendi:
chumba elfu thelathini na tano, wawili tu,
"hata mtoto ni mtu, dada."
Nikapiga hesabu, nikaipiga tena,
mwisho ikanipiga yenyewe.

Hosteli ilikuwa safi, inanukia dawa ya sakafu,
ila wanaume huku, wanawake kule,
na geti hufungwa saa tatu.
Shemeji Flavian akauliza, saa tatu ya wapi?

Ya tatu ilikuwa na bwawa la kuogelea kwenye picha.
Kwenye picha tu.

Tukaishia Dunda, kwa Bi Mwanakombo:
vyumba vitatu na ukumbi,
magodoro yamesimamishwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa,
choo kimoja, ndoo nne,
feni inayozunguka pale inapokumbuka.
"Mkubwa elfu tisa kwa usiku," akasema.
"Mtoto asiyefika komeo la mlango huu, bure.
Nyumba haimuoni."

Wakapita mmoja mmoja.
Leokadia, chini.
Mapacha wa Modesta, chini, chini.
Wawili wa Flavian, mbio.
Akabaki Kizito, miaka minane,
ndani ya suruali ya kaka yake iliyommeza miguu.

Nilimtazama. Sikusema neno.
Nilimtazama tu, kama mtu anavyotazama elfu kumi na nane.
Naye, damu yetu, akaelewa:
akakunja magoti ndani ya ile suruali,
akapita chini ya komeo kama bata.

Bi Mwanakombo akaweka sawa ushungi wake.
"Huyu miguu yake inarukuu," akasema,
"na adhana bado."
Akanipa ufunguo.

Kesho yake, bustani ya michezo.
Bibi Paskalina akakaa kivulini mwa tangi
na pochi zetu zote mapajani.
Mteremko wa maji, wa buluu, umejipinda kama utumbo wa mbuzi,
na langoni pake twiga wa mbao:
anayefika kidevu cha twiga, apande.

Kizito akanyoosha shingo, akainua visigino,
akavuta pumzi hadi mbavu zikahesabika.
Kijana wa lango akamshusha visigino, taratibu,
akapima pengo: vidole viwili.
"Bado. Mwakani."

Hakulia. Afadhali angelia.
Alinijia, akaniuliza kwa sauti ya kanisani:
"Shangazi, jana nilipojikunja,
nilijikunjua yote?"

Kuna maswali hayana chenji.

Nikamwambia yote, mwanangu, yote.
Nikamnunulia barafu ya ukwaju,
akainyonya bila kuiangalia,
huku wenzake wakishuka wakipiga kelele
kwa pesa niliyoiokoa juu ya magoti yake.

Usiku sikulala.
Flavian alikoroma kwa niaba ya ukoo.
Mtu alikwenda chooni, akakanyaga mtu, akaomba radhi kwa mto.
Na pale mwisho wa ukumbi, chini ya feni,
miguu ya Kizito ilikuwa imetoka nje ya godoro,
mirefu kuliko nilivyomwandika.

Alfajiri nilimkuta Bi Mwanakombo akipalia makaa.
Nikampa elfu kumi na nane, bila maelezo.
Akahesabu, akanirudishia tisa.
"Usiku wa kwanza alikuwa mfupi," akasema.
"Nilimwona kwa macho yangu."

Kisha akamwita mtoto, akamsimamisha mlangoni,
kisogo kikigusa mbao, visigino chini,
akachukua kipande cha mkaa usiowaka
akapiga mstari juu ya kichwa chake,
juu ya komeo, karibu shubiri nzima.

"Mwakani mje," akamwambia.
"Utalipa."

Kizito akageuka, akautazama ule mstari
muda mrefu,
kama aliyeonyeshwa nyumba yake.