Duka la Mpemba

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mtoto katumwa sukari robo:
"Nenda kwa Mpemba."
Hakuna anayesema nenda kwa Shaame Kombo.

Mizani ya Mpemba. Daftari la Mpemba.
Ubahili nao, wanasema, wa Kipemba,
ingawa daftari lina kurasa kumi na moja
ambazo hajawahi kuzidai.

Mkewe, Mdigo wa Pongwe, humcheka
akisema nkono, nti, ntu wangu.
Ulimi, humjibu, sikuupakia mimi;
ulijileta.

Mwaka juzi alivuka kwenda Wete kumzika mamaye.
Udongo haujakauka viganjani,
binamu mmoja akanong'ona nyuma yake:
"Huyu Mtanga ni nani?"

Karudi Jumatatu. Kafungua ubao mmoja tu wa mlango,
mtoto yuko kizingitini na chupa ya mafuta ya taa:
"Mpemba! Mama kasema uandike."

Kaandika. Kisha pembeni mwa ukurasa,
kama anayejaribu kalamu:
Mpemba. Mtanga.
Kutanga.
Matanga.

Mtoto kagonga chupa mezani.
Kapima, kazidisha kidogo.